Damu ya Kisigino

Supa, mjukuu wangu Naipanoi,

Huku Kitengela tu wazima, na shangazi yako amehamia Tuala. Umeuliza kwa nini mtoto mchanga hapimwi Ukimwi kama mtu mzima. Hata mimi nilijiuliza hivyo nilipokuwa ripota Kajiado.

Katika kliniki moja nilimkuta Nasieku, mama mwenye virusi. Kipimo cha haraka kilikuwa kimeonyesha kwamba mtoto wake pia anavyo. Muuguzi alimweleza kwamba kipimo hicho husoma kinga ambayo mtoto alipewa na mama tumboni, si virusi. Akamdunga mtoto kisiginoni na kudondosha damu kwenye karatasi maalumu, ili maabara itafute virusi vyenyewe.

Mama mkwe wa Nasieku, aliyekuwa amemsindikiza, akanung'unika, "Ng'ombe tunamtoa damu shingoni. Nyinyi mnaanza na mguu?"

"Huyu hatembei bado, kokoo," muuguzi akamjibu nyanya huyo. "Hatachechemea."

Majibu yaliporudi nilikuwepo. Muuguzi alisema virusi havikuonekana, ila mtoto apimwe tena kwa kuwa bado ananyonya.

Nasieku hakutabasamu. "Haya ni yangu ama ni yake?"

"Ni yake."

Ndipo Nasieku alipomvua mtoto kofia, nyanya yake akamtemea mate ya baraka kwenye utosi.

Babu yako