Gari la Waipa Moja

Tarehe 6 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Za huko, na mgongo unaendeleaje? Huku hatujambo. Mdogo ameota jino la kwanza na hataki mtu alale mpaka aote la pili. Naandika akiwa amelala kifuani, kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka ujue ni pumzi zake.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umejaza kurasa zote kunieleza kwa nini Benzi ya moja-mbili-tatu ndiyo bora kuliko zote Wajerumani walizowahi kutengeneza, ukasahau kuniambia kama unakula. Mimi sijabadilika. Bora ni iliyoifuata, moja-mbili-nne. Imetulia barabarani na haina makelele, na mwenye mtoto mchanga anajua thamani ya kitu kisicho na makelele. Najua utasema nimekusaliti, maana nilijifunza udereva kwenye hiyo yako, nimekalia mto ili nione mbele.

Mjukuu wako ameshakunja nguo za likizo. Kila gari jeupe likipita anakimbilia dirishani. Anasema babu anakuja kumchukua, na atakaa nyuma kwenye kiti ulichokishona mwenyewe. Tuandikie siku utakayokuja.

Mwanao


Tarehe 14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo mahali pake, na kula nakula. Mjukuu wangu, mke wangu mdogo, mwambie asibebe nguo nyingi. Buti ina nafasi, mimi ndiye sina nguvu za kubeba. Nitafika Jumamosi ya kwanza ya likizo.

Sasa sikiliza. Jumapili wazee wa Benzi tulikutana pale pale kwenye kuosha magari. Kinyozi na wenzake wa moja-mbili-nne walinikalia kooni tangu asubuhi, mara injini laini, mara breki, mara sijui nini. Nikawauliza, gari gani hilo lenye waipa moja? Ni kama mtu mwenye jicho moja, mvua anaiona nusu. Moja-mbili-tatu ina waipa mbili, na bampa zake zinang'aa hadi unaweza kujitazama ukanyoa ndevu.

Hapo mfamasia akaingia na gari lake jipya, maana yake jipya kwake. Nikaliendea, nikaweka mkono juu ya boneti, nikasema, "Mabwana, ushahidi huu hapa. Hii ndiyo moja-mbili-tatu, mama yao wote." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Jibu hawakuwa nalo. Mpiga picha alikuwepo, nakutumia picha na barua hii uitundike ukutani.

Gari langu ni zima. Limekwaruzika ubavuni kidogo tu. Siku hizi geti limekuwa jembamba.

Baba yako


Tarehe 20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, jino la pili limetoka.

Picha imefika. Niliitazama jikoni, nikaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, nikaitazama tena. Gari uliloliwekea mkono lina waipa moja. Imeinuliwa, iko katikati ya kioo, kwa sababu lilikuwa linasubiri kuoshwa. Hiyo ni moja-mbili-nne, Baba. Wenzako hawakucheka kwa kukosa jibu. Walidhani unawatania.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuyatambua magari kwa taa za nyuma, tumekaa kibarazani, kabla sijajua hata kusoma. Mtu kama wewe hachanganyi hizo mbili. Basi hukuliona, na ulikuwa umeligusa kwa mkono. Na geti ni lile lile ulilopita ukinileta nyumbani mchanga.

Nenda kwa daktari wa macho. Mpaka atakapokuruhusu, mwanangu hapandi gari ukiliendesha wewe, na wewe usije nalo. Najua utakasirika. Kasirika, lakini nenda.

Mwanao


Tarehe 24 Aprili

Mwanangu,

Jua lilinipiga machoni siku ile, basi. Naendesha tangu hujazaliwa na sijagonga hata kuku. Nitakuja Jumamosi kama nilivyosema. Mwandae mtoto.

Baba yako


Tarehe 27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sitamwandaa.

Ukija na gari nitakupokea mlangoni, nitakupa chai, nitakupa mdogo umbebe, na ufunguo utabaki kwangu. Utarudi kwa basi. Na unajua hii shingo ngumu nimeirithi kwa nani.

Mjukuu wako nimemwambia. Alilia, akaniita mama mbaya. Nimekubali kuwa mbaya. Nimechoka, Baba. Nanyonyesha, nafua, nalala kwa vipande. Nguvu za kubishana sina, ila nguvu za kukuzika ndiyo sina kabisa. Huyu mdogo nataka akujue kwa sauti yako, si kwa picha ya ukutani.

Mwanao akupendaye


Tarehe 11 Mei

Baba,

Shikamoo. Jumamosi ile tulikaa dirishani mpaka chai ikapoa. Hukuja, barua hakuna, na simu hupokei. Sijui ni hasira au unaumwa. Kama ni hasira, nitaisubiri iishe.

Mjukuu wako ameniuliza kama babu amechagua gari badala yetu. Nimemjibu kwamba babu bado anafikiri.

Neno langu ni lile lile.

Mwanao


Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Marahaba zote unazonidai. Usishangae herufi kubwa kama za kibao cha duka, ndizo ninazoziona.

Jumamosi ile niliamka nikaliosha gari, nikasema kabla ya kuondoka nikupatie ushahidi. Nikamwita kinyozi, nikamwambia apange lake na la mfamasia mwisho wa mtaa, na la fundi seremala katikati, ambalo ni moja-mbili-tatu kama langu. Nami nisimame getini nitaje lipi ni lipi. Akayahamisha mara tatu, na mara zote nilikosea. Wewe unamjua kinyozi, mtu wa kucheka hata msibani. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alinipeleka kwa daktari yeye mwenyewe, kwa lile gari lake. Mvua ilinyesha njia nzima. Ile waipa inafuta, nakubali, lakini usimwambie.

Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, wamelifanyia upasuaji. La kushoto limeliwa na presha ya jicho kimyakimya, halirudi tena. Nilimuuliza daktari kuhusu kuendesha, nikamuuliza tena kwa maneno mengine, kisha nikamtuma kinyozi amuulize. Jibu ni moja. Sikukuandikia kwa sababu sikujua niandikeje.

Walipofungua bandeji nilimwomba mpiga picha nakala ya ile picha. Waipa moja, kweli, tena mtoto mdogo angeiona. Na sasa mimi mwenyewe ndiye gari la waipa moja, na kinyozi ameshawatangazia wote.

Ubishi wetu haujaisha. Hata kwa jicho hili nasema ni moja-mbili-tatu.

Ndani ya bahasha kuna ufunguo wa gari. Njoo na watoto, uliendeshe wewe. Mimi nitakaa nyuma na mke wangu mdogo. Kile kiti nilikishona kwa mkono wangu na sijawahi kukikalia hata siku moja. Mto usilete, nadhani sasa unaona mbele.

Baba yako