Wake Zetu Walivyomtetea Antidoros

Prasiai, Atika
Mwezi wa kwanza wa mwaka, mwezi umeandama juzi

Mpendwa mdogo wangu Hegemoni,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Sinope? Lile goti limepona, au bado unalilaumu kila mvua ikinyesha? Sisi hatujambo, miungu inatutunza. Mizeituni imebeba vizuri mwaka huu, na kuku wa shemeji yako wamezidi hata wanalala jikoni.

Nakuandikia nikiwa na furaha, ingawa tulipitia shida. Antidoros ametimiza miaka kumi na minane, kwa hiyo ilibidi nimpeleke mbele ya wanaume wa kijiji wampigie kura awe raia. Nilidhani ni jambo la asubuhi moja. Kumbe Moloni, yule tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, alikuwa anatuvizia.

Akasimama, akasema, "Jamani, tumeapa kwa miungu, halafu tupokee mtoto wa mgeni? Huyo mama yake, Kleito, msikieni anavyoongea. Mwathene gani anatamka vile?"

Wewe unajua shemeji yako alilelewa kisiwani Lemnos, na baba yake alitoka papa hapa Atika kwenda kulima kule. Lakini mzee alishakufa, kaka zake wote walizama na merikebu za vita, na sikuwa na mwanamume hata mmoja wa ukoo wake wa kusimama kumshuhudia. Mkuu wa kijiji akaahirisha kura hadi kesho yake.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Kleito yote. Tungekataliwa, tungeweza kukata rufaa mjini Athene. Lakini tungeshindwa huko, mwanetu angeuzwa utumwani. Antidoros akaniambia, "Baba, basi tusiende mjini. Nitaishi hapa kama mgeni tu. Mbona Tibeios anaishi?"

Tibeios ni mfua chuma aliyekuja baada ya wewe kuondoka. Baba yake alikuwa mgeni, yeye amezaliwa Atika, anapigana vita vyetu, na hajawahi kupiga kura hata siku moja.

Kleito akajitanda shuka, akaenda kwa Filina, mke wa Smikros. Walikaa huko na wanawake wengine mpaka jua likazama. Waliyoyasema sikuyajua mpaka Smikros aliponisimulia baadaye. Filina alimwambia mumewe, "Kleito ndiye tuliyemchagua atuongoze kwenye sikukuu ya Demetra, ya wake za raia peke yao. Unadhani tungemkabidhi mgeni mambo ya mungu wetu? Kesho usiposimama ukasema, uji utajipikia mwenyewe."

Unamjua Smikros, mtu asiyeweza hata kufukuza mbuzi. Lakini kesho yake alisimama mbele ya wanaume wote. "Mke wangu anasema..." Hakumaliza, watu wakaangua kicheko.

"Smikros, umetumwa!"

"Ndiyo, nimetumwa," akajibu. Kisha akaeleza habari ya sikukuu, akamgeukia Moloni. "Na mkeo alimchagua pia. Nenda kamuulize."

Kicheko kikakatika. Moloni akafoka kwamba mwanamke hana neno pale. Mwingine akainuka: "Hata wangu kasema hivyo hivyo." Kisha mwingine, na mwingine, mpaka nikaona karibu kila mwenye mke amesimama. Mdogo wangu, nilijifunika uso kwa shuka nisionekane nikilia.

Antidoros akapita kwa kura nyingi. Moloni aliondoka bila kumuaga mtu.

Tibeios alifunga karakana yake, akaja na ncha ya mkuki aliyoifua mwenyewe, akampa Antidoros. "Shika, raia. Ulinde mpaka wa nchi vizuri, na mimi niko nyuma yako." Kijana akamkumbatia. Njiani kurudi nyumbani Antidoros akaniambia wapo wageni waliopewa uraia kwa kuutumikia mji, na kwamba akipata umri wa kusema barazani atalitaja jina la Tibeios. Nikamwambia alitaje, nami nitamuunga mkono.

Mwambie mkeo Arkesila tunamsalimu, na watoto uwabusu. Mama anakuombea usiku na mchana. Filina na Smikros wanakusalimu. Poseidoni akutulizie bahari siku utakapofunga safari kuja kutuona.

Nikuambie na hili kabla sijakunja barua. Tulipofika nyumbani, Kleito alikuwa mlangoni. Antidoros akasimama mbele yake wima kama askari, akasema, "Antidoros, mwana wa Eupolemo, wa Prasiai." Mama yake akamwambia arudie, kwa sauti kubwa zaidi, na mlango akauacha wazi.

Kaka yako akupendaye siku zote,
Eupolemo