Picha Zinazofutika

Oruro, Agosti

Mume wangu Wilmer,

Huku hatujambo. Baridi ni kali, na mama yako ameshaanika viazi nje vigande kwa baridi ya usiku, kisha vikauke vihifadhiwe. Binti yetu Yesenia ameng'oka meno mawili ya mbele.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu sijui simu yako huko kazini Antofagasta inashikwa na nani.

Picha zetu zimekuwa zikipotea kwenye kompyuta. Ilianza ya harusi, ikafuata ya kanivali. Nikaipeleka mashine kwa Maritza, yule fundi wa sokoni.

"Wilmer alisema zikiwa mtandaoni hazipotei," nikamlalamikia.

"Hiyo si akiba, dada. Simu yake na kompyuta yako zinafuatana. Kinachofutwa huku kinafutika na kule. Wewe hujafuta?"

"Sijagusa."

"Basi muulize mwenye simu."

Zilizofutwa zilikuwa bado kwenye pipa la taka la huko mtandaoni. Alizitoa zote, akaninakilia kwenye diski ya pembeni ambayo simu yako haiifikii.

Zangu ningevumilia, Wilmer. Lakini Jumapili ilifutika ile ya Yesenia mchanga, amelala kifuani mwako. Ni nani huyo asiyetakiwa kujua kwamba una mtoto?

Nimeirudisha mahali pake. Barua hii ikikufikia utakuwa umeshaiona kwenye simu, na huyo aliye karibu nawe ameiona pia. Ukiifuta tena nitajua siku hiyo hiyo, wala usihangaike kupanda basi la kuja nyumbani Krismasi.

Mkeo, mpaka sasa,
Nélida