Laptop ya Mwalimu Mdachi na Banda Letu

…ndiyo maana juzi simu ilipokatika nilibaki nimekaa juu ya ndoo ya asali, nacheka peke yangu. Ulikuwa unaanza kusema "nakupenda", mtandao ukala nusu. Nimeimalizia mwenyewe.

Mume wangu Elia, hujambo? Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi huku Rungwa kwenye kazi ya asali ni mzima, ila nikiitwa "mke wa Elia" bado nageuka haraka kama mtoto aliyeitwa kupewa zawadi.

Sasa ile laptop anayoiuza Mwalimu Mdachi. Nilikwenda kwake nikafanya ulivyonielekeza: sikujali stika ya nje inayoisifia, niliingia kwenye mipangilio. Nikakuta kadi za grafiksi mbili, moja dhaifu, nyingine kubwa yenye kumbukumbu yake yenyewe, giga nne. Nikafurahi! Tukawasha gemu ya mpira. Elia, wachezaji walikimbia kama wamevaa gambuti kwenye tope. Picha inaganda, inaruka, inaganda tena.

Mwalimu Mdachi anahama Jumamosi. Akasema, "Dada, amua, kuna wengine wanaitaka." Nikamwambia haitufai.

Nilirudi kazini, ghalani kwetu, nikafunga ndoo za asali huku nalia. Nilikuwa nimeshaliona banda letu la gemu pale Shelui, madereva wa malori wanacheza wakisubiri chakula, nami niko nyumbani kwetu. Bila laptop hakuna banda, na bila banda nakaa huku msimu mwingine mzima, mbali nawe.

Asubuhi nikikaza mfuniko, nikakumbuka siku tuliyokutana. Nilikuwa nakuongoza mabao matatu, wewe ukachomoa chaja kwa kidole cha mguu, gemu ikaanza kujikokota, ukasema mashine imechoka. Mwongo wangu mtamu! Nikaacha ndoo wazi nikakimbia. Kwa Mwalimu sola ni ya taa na simu tu. Tulikuwa tumeijaribu kwa betri, na kwa betri mashine hujipunguzia nguvu!

Tukaileta ghalani, jenereta ikiwa inaendesha mashine ya kuchuja asali. Nikachomeka chaja, nikaiamuru gemu itumie ile kadi kubwa. Elia, ikateleza! Tulicheza karibu saa nzima, feni inavuma, picha haikukwama hata mara moja. Mwalimu akafungwa manne.

"Huyo mumeo anakuwezaje?" akauliza.

"Kwa kuchomoa chaja," nikamjibu.

Nimeichukua. Nimeifunga kwenye kitenge cha harusi yetu, ipo kitandani upande wako.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie asibebe maji, nitabeba mimi. Wifi Rehema msalimie, namletea asali. Shemeji aliyetupatia mbao za banda mwambie aanze kuzipiga randa.

Msimamizi amekubali niondoke ndoo za mwisho zikipakiwa. Kabla mwezi huu haujaisha nitashuka pale stendi ya Shelui. Uje unipokee, na uvae viatu, vidole hivyo nisivione karibu na chaja.

Mkeo, wako peke yako,
Neema