Upawa, Mchi, Chekecheke

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa njia tatu. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo ni mtu mfupi, mpole, asiye na haraka. Alizichora moja moja pembeni mwa bahasha ya picha za kichwa changu. Ya kwanza ni mionzi, na uvimbe usinyae ukipenda. Ya pili, nilazwe usingizi kamili, uondolewe wote, kisha tuone nikiamka nimebaki na nini. Ya tatu, fuvu lifunguliwe nikiwa macho, nami nitaje picha ninazoonyeshwa huku yeye akikata. Neno likikwama, anasimamisha mkono. Maneno yangu ndiyo ramani yake, alisema.

Uvimbe umekaa kushoto, juu kidogo ya sikio. Upande wa lugha.

Nilichagua ya tatu kabla hajamaliza sentensi. Miaka ishirini na minane nimefundisha lugha chuoni, na hakuna mahafali ambayo risala yake haikupita kinywani mwangu. Kuamka hai bila maneno — hapana. Nililitamka hilo waziwazi, mume wangu akiwa kando yangu. Aliitikia kwa kichwa. Tulipokuwa tukirudi aliuliza kama nimemsikia daktari alipotaja degedege, kwamba huweza kumshika mtu mezani, fuvu likiwa wazi. Nimesikia, nilimjibu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelazwa. Kitanda cha nne, dirisha linatazama kamba za kuanikia mashuka. Jirani yangu ni mshonaji nguo, alipasuliwa wiki iliyopita, bandeji imemkaa kama kilemba. "Karibu saluni, dada," alinipokea. "Mtindo ni mmoja na hawakuulizi." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Alasiri alikuja mtaalamu wa tiba ya usemi, binti mwenye adabu, na kadi zake za picha. Nizitaje zote, nitakazozitaja vizuri leo ndizo nitakazoonyeshwa mezani. Zilikuwa thelathini. Nilizitaja bila kusita, moja baada ya nyingine, kama ninayeita majina darasani. Naye aliandika, aliandika.

Baadaye alimwita mume wangu kwenye korido. Hawakukaa. Mume wangu alirudi akasema walikuwa wanamweleza saa za kutembelea wagonjwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mtaalamu wa dawa ya usingizi amekuja kuuliza uzito wangu na kama nina meno ya bandia. Akaniahidi kwamba nitalala fofofo, sitajua kitu. Nikamsahihisha: nitakuwa macho. Alitazama karatasi yake, akanitazama mimi, akasema ataulizia.

Hajarudi.

Jumapili, 9 Machi

Muuguzi alisahau jalada langu juu ya kitanda alipoitwa wodi ya pili. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Karatasi yenye alama nyekundu siwezi kuiacha bila kuisoma.

Picha thelathini, makosa sita. Yakizidi manne, mgonjwa hafai kupasuliwa akiwa macho.

Na makosa yenyewe! Picha ya kumi na moja: kijiko kikubwa. Nilisema upawa. Alama ya mkasi. Ya kumi na nne: mtwangio. Nilisema mchi, na kando yake yule binti ameandika "neno la kubuni". Ya ishirini: chujio. Nilisema chekecheke. Hapo ameandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, "anarudia silabi". Na mengine matatu ya namna hiyo hiyo.

Anarudia silabi. Nilitaka kucheka. Binti wa watu hana hatia; maneno hayo hakukua nayo, na orodha yake ina jibu moja moja. Ningemwita, nikamweleza, tukayamaliza kwa dakika tano.

Lakini chini ya ukurasa kulikuwa na mistari mingine miwili. "Mume ameulizwa kama haya ni maneno ya kawaida ya mgonjwa. Amesema hapana, yameanza na ugonjwa." Na kwenye ukurasa wa pili: kwa kuwa lugha ya mgonjwa imeathirika, idhini imetolewa na mume. Usingizi kamili. Jumatano, saa mbili asubuhi. Sahihi yake — ile ya madaha, yenye mkia, ambayo nimeiona kwenye cheti chetu cha ndoa.

Mtu huyu, wiki mbili zilizopita, alisimama jikoni kwetu akaniuliza chekecheke liko wapi. Mtu huyu huwaambia wageni kwamba kwangu hakuliwi bila kamusi mezani. Angesema ndiyo, neno moja tu. Alijua!

Mshonaji ameniuliza kuna nini. Nimemwambia nimesoma habari mbaya. Akasema ndiyo maana yeye hasomi.

Jumatatu, 10 Machi

Mume wangu amekuja saa ya kutembelea wagonjwa, na machungwa aliyoyamenya mwenyewe. Sikuyagusa. Nilimsomea mistari ile miwili kwa sauti ya risala, kituo kwa kituo, bila kupandisha wala kushusha.

Hakukana. Alianza kunieleza alivyokosa usingizi tangu siku ile ya bahasha, anavyoniona kila afumbapo macho, kichwa wazi, degedege limenishika, na watu wamenizunguka na vyuma. Alimuuliza daktari ipi kati ya zile njia mbili za upasuaji huua kidogo zaidi. Daktari alimjibu kwamba tofauti si kubwa. Yeye alisikia neno moja tu, kwamba tofauti ipo.

"Nilitaka urudi nyumbani, Mwalimu," alisema. Mwalimu ndivyo anavyoniita tangu uchumba. "Hata ukirudi kimya. Mimi nitaongea kwa ajili yetu wote wawili."

Nilimwambia ameshaanza. Ameshaongea kwa ajili yangu, kule kwenye korido, na tazama alichosema.

Alilia. Mshonaji alijigeuza upande wa ukuta, akajifanya amelala. Mimi sikulia. Angenipiga ningejua la kufanya. Lakini ameyachukua maneno yangu, yale niliyomlisha nayo, niliyomlelea nayo watoto, akayakabidhi kama dalili za ugonjwa. Kwa upole. Kwa mapenzi, anasema.

Alipoondoka nilimwita muuguzi, nikadai kupimwa upya mbele ya daktari mwenyewe. Na mume wangu awepo. Aulizwe mbele yangu.

Jumanne, 11 Machi

Tumepimwa asubuhi hii. Nasema tumepimwa, maana hata mume wangu alikuwa anatoka jasho.

Daktari alionya kwamba leo neno moja tu likinipotea, ni usingizi kamili. Alishika kadi mwenyewe, yule binti akiwa nyuma yake na kamusi niliyomwagizia. Upawa, akalikuta. Mchi, akalikuta. Kwenye chekecheke aliinamisha uso na kuniomba radhi. Nilimwambia hakuna neno, mwanangu, umeongeza msamiati. Daktari alimgeukia mume wangu: haya huyasema nyumbani? Mume wangu akasema ndiyo, siku zote, na kwamba Alhamisi hakusema kweli. Alilisema akitazama sakafu, lakini alilisema.

Ikaja picha ya ishirini na saba.

Kitu cha meno meno, chenye mpini mfupi. Nakijua. Kipo kwenye meza yangu ya kujipambia, nimekitumia kila asubuhi tangu utoto. Nilifungua kinywa. Neno halikuwepo. Halikuchelewa, mahali pake palikuwa patupu. Alhamisi nililitaja, nina hakika. Nikasema, "Cha nywele. Kile... cha nywele."

Kalamu ya binti ilisimama. Daktari alingoja.

"Ni mzaha wetu," mume wangu akasema. Sauti haikutetereka hata kidogo. "Nyumbani tunakiita hivyo, cha nywele. Miaka mingi sasa."

Hatujawahi kuwa na mzaha huo.

Daktari alicheka, akasema nyumba hii inastahili kamusi yake, na binti akaweka alama ya vema. Nimefaulu. Daktari amekwenda kuchukua fomu nyingine, niitie sahihi mwenyewe: nikiwa macho, kesho, saa mbili. Naandika haya wakati tunamngoja. Neno bado halijarudi. Mume wangu ameketi kando ya kitanda akinitazama kama mtu aliyelipa deni, anangoja nimshukuru.

Kesho mkono wa daktari utafika mahali pale, nitakwama, niseme cha nywele, naye hataacha kukata. Atadhani ni mzaha wetu.

Nikisema sasa, nalazwa usingizi. Viatu vya daktari hivyo, kwenye korido. Mume wangu amenishika mkono wa kulia, huu wa kuandikia, nami nimemwambia auachi—