Cheti Kiko Wapi?

Kasulu, Jumanne, masika ya 1976

Mvua tangu alfajiri, na mimi nina hasira tangu saa nne. Sina wa kumwagia, namwaga hapa.

Nasimamia kikosi cha barabara ya Kibondo. Mwezi uliopita Shabani, dereva wangu wa greda, aliumwa mgongo kila Jumatatu. Greda likalala, matope yakatushinda. Nikawatangazia wote: anayeumwa alete cheti cha daktari. Asiye nacho ni mtoro.

Shabani akaanza kuleta vyeti. Safi kabisa, vina mhuri.

Asubuhi hii Yeremia, mchimba mitaro, alinijia akitetemeka, amejifunika gunia. Ni Muha wa hapa hapa, mtu wa maneno machache. Hajakosa kazi hata siku moja.

"Bwana msimamizi, leo siwezi. Kifua kinanichoma."

"Cheti kiko wapi?"

Hospitali ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Nilijua. Alinitazama tu, akachukua sururu.

Saa nne akaanguka mtaroni.

Tulimpakia kwenye tipa, nikampakata kichwa njia nzima. Daktari akasema ni kichomi, na si cha leo. "Mtu wa hali hii mlimpa sururu?"



Kutoka hapo nikapita sokoni. Nani yule anapakia magunia ya maharage kwenye lori la mwenye duka, mgongo umenyooka? Shabani! Wala hakujificha. Akapapasa mfuko wa shati.

"Mzee, cheti si kipo? Mpaka Ijumaa."

Nilikunja ngumi. Nashukuru sikumpiga, maana ningempiga mmoja kwa kosa la wawili, yeye na mimi.

Kesho nampeleka mwenyewe kwa mganga mkuu apimwe upya, na aliyemwandikia aeleze alichokiona. Na kuanzia kesho, anayetetemeka atalala kwanza, karatasi itafuata.

Hayo mepesi.

Jioni nilirudi wodini. Yeremia amepata usingizi, daktari anasema atapona. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda. Aliponiona akainuka, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumleta mumewe kwa gari.

Hajui.

Nikaitikia shukrani yake kama mtu mwema, nikaondoka.

Kukicha nitarudi nimwambie kwa mdomo wangu, kabla hajaambiwa na mwingine.