Shangazi Alivyoisikia Gesi ya Bia

Nyumba ya kona, ghorofa ya chini
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, ila miguu bado inatuuma kwa kucheza harusini kwa mdogo wetu.

Kaka, nina jambo la kukuambia mpaka sasa mwili unanisisimka.

Shemeji yako fundi wa kuchomelea alijitwika kutengeneza bia ya harusi. Unamjua, akishashika jambo hasikii la mtu. Aliipika chungu kimoja, akaigawa katika mapipa mawili ya chuma, akawa anayajaza gesi ya kuitia bia povu, kwa zamu, maana mtungi wa gesi ni mmoja. Zikiwa zimebaki siku tano tukaonja. Pipa la kwanza likatoa povu tupu. La pili, bia imelala kama maji ya kuoshea vyombo! Akaongeza gesi. Povu likaruka hadi darini, na lile la pili likabaki vilevile. Akalitikisa mpaka kiuno kikamkatika.

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake pale kona. Miaka thelathini alitengeneza friji za watu, lakini tangu macho yazime hajagusa spana. Ukimwomba ushauri anasema, “Si kazi yangu tena.”

Siku hiyo akasema, “Hebu nyamazeni.”

Akanyanyuka, akapapasa hadi kwenye lile pipa la pili, akaliwekea sikio. Akalowesha kidole, akakizungusha taratibu kwenye mfuniko. Kikasimama.

“Hapa. Linapumua.”

Sisi hatukusikia kitu. Nikapaka povu la sabuni, na vijipovu vikachomoza palepale chini ya kidole chake! Mpira wa mfuniko ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Gesi iliingia, ikatoka.

“Nimeukagua mara tatu kwa tochi,” shemeji yako akanong’ona.

“Tochi haina masikio, baba,” Shangazi akamjibu.

Akamwagiza abadilishe mpira, apunguze gesi ya lile pipa la povu, yote mawili yakae kwenye baridi moja, na asiyatikise tena. Siku ya harusi yalimimina sawasawa, povu la vidole viwili kila glasi. Nilishindwa kunywa, nikabaki namtazama Shangazi tu.

Jana jirani yetu mshonaji kaleta friji isiyogandisha. Nilitaka kumwambia kwamba Shangazi, mama wa watu, anapumzika. Shangazi akaniwahi, “Sanduku langu la vifaa liko wapi?”

Sasa hivi amekaa sakafuni, sikio kwenye mota, na amenigombeza mara mbili kwamba kalamu yangu inakwaruza, haimwachi asikie. Naishia hapa.

Msalimie wifi, wabusu wale mapacha, na mjomba mwambie picha zinakuja. Mungu akutangulie kazini na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye sana, yule mnayemwita kwa utani
Cherehani